Marufuku ya magogo haitoshi: fedha zianzie kwenye mbao kavu

Swali: Ninafanya kazi katika idara ya mipango. Nchi yetu ina misitu ya asili na mashamba ya miti, lakini meli zinaondoka na magogo na kurudi na plaiwudi, milango na meza. Wakubwa wangu wanataka kupiga marufuku usafirishaji wa magogo ili viwanda vya ndani vikue. Je, njia hiyo inafanya kazi? Na kama haitoshi, fedha kidogo tulizo nazo zianzie wapi?

Jibu: Inafanya kazi, ila si ile wanayoitarajia wakubwa wako. Marufuku hulibakiza gogo nchini, basi. Haimpi mwenye kiwanda umeme wa uhakika, haimfundishi fundi kunoa msumeno wa mkanda, wala haimtafutii mnunuzi wa mlango atakaoutengeneza. Nchi zilizonufaika na marufuku zilifanya mambo mengine mengi kwa wakati uleule.

Tazama Indonesia. Kuanzia mwaka 1980 serikali ilibana usafirishaji wa magogo hatua kwa hatua, na kufikia 1985 ikaufunga kabisa. Viwanda vya plaiwudi vikaota haraka, vikapita mia moja, na nchi ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa plaiwudi ya miti ya kitropiki. Wanaotetea marufuku huishia hapo. Kilichofuata ni kwamba gogo ndani ya nchi lilikuwa na bei ya chini mno kuliko sokoni duniani, na mwenye kiwanda anayepata malighafi kwa bei ya kutupa haoni uchungu sehemu kubwa yake ikiishia jalalani. Biashara ya nje ilishikwa na chama cha wenye viwanda, APKINDO, chini ya Bob Hasan, mtu wa karibu wa Rais Suharto. Kufikia miaka ya 1990 mashine zilizokwisha kusimikwa zilihitaji magogo mengi kuliko misitu ilivyoweza kutoa kihalali, na pengo hilo likazibwa na magogo ya wizi. Nguvu ya APKINDO ilivunjwa mwaka 1998 kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Gabon ilichukua hatua kama hiyo kwa ghafla. Marufuku ilitangazwa mwishoni mwa 2009 na kuanza kutumika 2010. Makampuni yaliyozoea kupakia magogo ya mti wa okume melini yalitikisika, na mapato yaliyotokana na magogo yakaporomoka. Kilichoiokoa Gabon ni eneo maalumu la kiuchumi la Nkok, nje kidogo ya Libreville, lililojengwa kwa ubia wa serikali na kampuni ya Olam: viwanja vilivyopimwa, umeme, barabara, nafuu ya kodi, na ofisi za serikali zikiwa palepale. Wenye mashine za kumenya vinia, yaani tabaka nyembamba za mti zinazogundishwa kuwa plaiwudi, walihamia huko, na leo Gabon ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinia ya kitropiki. Ondoa Nkok kwenye hesabu hiyo, halafu jiulize kingebaki nini.

Sasa linganisha na Vietnam, nchi ambayo haikuwa na utajiri wa misitu ya kujivunia. Wauzaji wake wa samani na bidhaa za mbao huingiza zaidi ya dola bilioni 10 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya malighafi hutoka kwa kaya zilizogawiwa ardhi na kupanda akasia, na nyingine huagizwa kutoka nje. Wenzetu hawa walianza na karakana na wanunuzi, gogo likafuata. Nao hawajamaliza safari: kaya nyingi huvuna akasia ya miaka mitano hadi saba, ambayo haifai kwa mbao, ikasagwa kuwa vipande vya kutengenezea karatasi. New Zealand, yenye misindano bora kabisa na viwanda vya kisasa, bado huuza nje zaidi ya nusu ya mavuno yake ikiwa magogo, na hakuna anayeiita nchi maskini. Kuuza gogo si aibu. Aibu ni kulazimika kuliuza kwa sababu huna kingine cha kulifanyia.

Huko kwenu, bila shaka, mnaliuza kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tuone gogo linapotelea wapi likibaki nyumbani.

Linaanza kupotea kwenye msumeno. Mashine ndogo za msumeno wa duara, zile zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba, zina meno mapana. Kila zinapopita zinaweza kula milimita 6 za mti. Ukipasua mbao za unene wa milimita 25, milimita 6 katika kila 31 zinakuwa vumbi, karibu moja ya tano, kabla hujahesabu mabanzi ya pembeni na mbao zilizotoka nene huku na nyembamba kule kwa sababu reli ya mashine imepinda. Msumeno wa mkanda wenye njia ya milimita 2 na nusu unapoteza chini ya moja ya kumi mahali hapohapo. Kiwanda kibovu hupata theluthi moja tu ya gogo kama mbao, au pungufu. Kinachotunzwa vizuri hukaribia nusu. Mkitoka asilimia 30 mkafika 45, msitu uleule umewapa nusu nzima ya mbao juu ya zile mlizokuwa mkipata, bila kukata mti hata mmoja wa ziada. Mara nyingi tatizo hata si mashine yenyewe. Ni mnoaji. Msumeno wa mkanda usionolewa na kukazwa ipasavyo hukata mawimbi, na mwenye nao akishachoka kuhangaika hurudi kwenye ule wa duara. Chuo kimoja cha kufundisha wanoaji na waendesha mashine kitawalipa kuliko shehena ya mashine mpya zitakazotia kutu baada ya miaka miwili.

Hata hivyo fedha zenu za kwanza nisingezipeleka kwenye msumeno. Ningezipeleka kwenye ukaushaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nchi nyingi zinapokwama bila kujua.

Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mti wenyewe. Lori linalobeba mbao hizo limejaza maji nusu ya mzigo, na mwenye mbao analipia nauli ya maji. Hayo ni madogo. Mti haubadiliki umbo unapopoteza maji ya kwanza. Huanza kusinyaa unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu, na husinyaa zaidi kwa kufuata duara la pete za mti kuliko kuelekea kwenye moyo wake. Ndiyo maana ubao haupungui tu, unapinda, unajikunja na kupasuka kwenye ncha. Ubao wenye upana wa milimita 200 unaweza kupungua milimita 8 au zaidi kuanzia hapo hadi ukauke kwa matumizi ya ndani ya nyumba. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi unaonekana mzuri siku ya kukabidhiwa; miezi sita baadaye mwanga unapenya kwenye maungio. Mwenye nyumba hasemi seremala alitumia mbao mbichi. Anasema mbao za hapa hazifai, kisha ananunua mlango wa kuagizwa.

Samani za ndani zinahitaji unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Kuanika kwenye banda, hata kwa ustadi, mbao zikiwa zimepangwa juu ya vijiti vyenye unene sawa na kuelekezwa kwenye upepo, kunafikisha kiasi hewa ya mahali hapo inachoruhusu. Penye joto na unyevunyevu mwingi hilo ni asilimia 14 hadi 18, na hakuna subira itakayoshusha zaidi. Kwa kenchi za paa inatosha, maana chini ya asilimia 20 ukungu wa kuozesha hauna maisha. Kwa meza itakayosafiri hadi kwenye nyumba yenye kipasha joto haitoshi hata kidogo. Hapo panatakiwa tanuri la kukaushia: chumba kilichozibwa vizuri, feni, joto linaloongezwa polepole na mvuke wa kuzuia uso wa ubao usikauke kabla ya kiini chake. Msindano mwembamba humaliza kwa siku chache. Mbao ngumu huchukua majuma, na ukiziharakisha zinapasuka kwa ndani ambako jicho halioni. Kwa hizo, anza na banda kisha malizia tanurini.

Chakula cha tanuri kipo tayari. Mabanzi na vumbi ambavyo viwanda vingi vinavichoma hovyo nyuma ya uzio ndivyo vinavyowasha boila ya kuzalisha joto. Umeme unahitajika kwa feni na vipimo tu. Hivyo tanuri linakaa vizuri zaidi karibu na mashine za kupasulia kuliko karibu na bandari, hata kama viongozi wangependa lijengwe mjini ambako wageni wataliona.

Kwa nini basi wapasuaji wadogo hawajengi? Wengine hawajui faida yake, lakini wengi wanaijua vizuri. Kinachowashinda ni muda. Mpasuaji anamdai mteja na yeye anadaiwa na mwenye shamba, mwenye lori na vibarua. Akipasua leo anauza leo, mbao zikiwa bado zinadondosha maji. Kumwambia angoje majuma sita ni kumwambia afunge biashara. Hivyo mradi wa matanuri usio na fedha ya kuzungusha utaishia kuwa majengo matupu. Mpango ninaoupendelea ni wa matanuri ya pamoja, yakiendeshwa na ushirika au na mfanyabiashara binafsi kwa ada inayojulikana, yakiwa na ghala lenye kipimo cha unyevu na mtu wa kupanga madaraja. Mpasuaji anapeleka mbao mbichi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, na benki inamkopesha sehemu ya thamani kwa dhamana ya stakabadhi hiyo. Utaratibu wa stakabadhi ghalani umezoeleka kwenye mazao ya kilimo, na mbao zina sifa moja ambayo mazao mengi hayana: zikikaa ghalani kwa utaratibu mzuri thamani inapanda, haishuki.

Ukaushaji ukishakuwepo, madaraja yanawezekana, na bila madaraja hakuna soko la ujenzi. Mhandisi anayesanifu paa la ukumbi anahitaji kujua ubao utabeba nini. Ulaya anasoma alama ya daraja la nguvu, C16 au C24, iliyogongwa kwenye ubao, anafungua jedwali na kuendelea na kazi. Penye mbao zisizo na alama anafanya lililo salama kwake, anachora chuma. Kupanga madaraja kwa macho hakuhitaji maabara; mtu aliyefundishwa kupima vifundo, mteremko wa nyuzi na nyufa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kasi ya kutosha, mradi shirika la viwango limetoa kanuni zinazolingana na miti yenu na limewapima wapangaji wenyewe. Kosa la kawaida ni kunakili kiwango cha nchi ya baridi kilichoandikwa kwa miti ya miaka themanini, kisha kukitumia kwa msindano wa miaka kumi na miwili uliokua mbio na wenye kiini laini.

Mnunuzi wa kwanza awe serikali yenyewe. Madawati ya shule, vitanda vya hospitali, milango ya nyumba za watumishi: hayo ni maagizo makubwa, yanayojulikana mapema, na yako mikononi mwenu. Andikeni kwenye zabuni unyevu usiozidi kiasi fulani na daraja fulani, halafu kaguzi za kupokea zifanywe kwa kipimo cha unyevu, kifaa kinachoshikika mkononi. Kipengele hicho kimoja kitawasukuma mafundi kwenye matanuri kuliko semina zote mtakazoandaa. Na mlipe kwa wakati! Karakana ndogo iliyokopa kununua mbao kavu kisha ikangojea malipo ya serikali mwaka mzima haifi kwa ushindani wa nje. Inauawa na mteja wake.

Kuna jambo ambalo watu wa mipango hulisahau kwa kuwa halina jengo la kuzinduliwa, nalo ni uhakika wa malighafi. Mwenye tanuri na mashine ya kuunganisha vipande hawezi kukopa kwa miaka saba iwapo mgawo wake wa magogo unaamuliwa upya kila mwaka na ofisa asiyemjua. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Agizo lile likaongezwa na kuongezwa, hadi kuondolewa kwake kulipotangazwa mwaka 2023. Sababu za kulinda vyanzo vya maji zilikuwa za kweli, lakini wapasuaji walifunga, mafundi wakatawanyika, na mbao zikawa zinavushwa mpakani kutoka kwa majirani. Wauzieni wenye viwanda miti ya mashamba ya serikali kwa mikataba ya miaka mitano au kumi, kwa mnada wa wazi, bei ikirekebishwa kwa kanuni iliyoandikwa. Mwenye kupata mkataba awe na sharti la kuwekeza kwenye ukaushaji ndani ya muda uliotajwa, na asipotimiza mgawo urudi mnadani.

Mkulima wa miti naye yumo kwenye hesabu hii, ingawa hakuna aliyemwalika kwenye kikao cha marufuku. Mkifunga bandari leo, bei ya gogo shambani inashuka kesho, kwa kuwa wanunuzi wamebaki wachache na wanajuana. Mti unakaa ardhini miaka kumi na mitano, ishirini, au zaidi. Aliyeumizwa na bei mara moja hapandi tena, analima mahindi. Wengine watavuna mapema wasije wakapata hasara zaidi, na ninyi mtakuwa na vigogo vyembamba visivyotoa ubao wa maana. Mashine za kumenya zisizo na mhimili, zilizoenea kutoka China, zinaweza kuvigeuza vigogo vya mikaratusi kuwa vinia ya plaiwudi, na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zimewafungulia wakulima soko jipya. Hata hivyo, hilo lisiwe kisingizio cha kuacha kupogolea na kupunguzia miti. Uganda ilianzisha mwaka 2004 mpango wa ruzuku kwa wapandaji wa miti ya mbao, na ruzuku ililipwa baada ya wakaguzi kuona shamba limetunzwa kwa kiwango kilichokubaliwa. Kulipia kazi iliyokwisha kufanyika kuna akili kuliko kugawa miche kwenye sherehe na kuondoka.

Kuhusu viwanda vikubwa vya MDF (mbao bapa za nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi) na vya chipbodi, ambavyo kila mwekezaji mgeni huja na picha zake: subirini. Kiwanda kimoja cha MDF cha kisasa hula mamia ya maelfu ya meta za ujazo za mti kwa mwaka na kinahitaji gundi ya viwandani pamoja na umeme usiokatika. Kikijengwa kabla ya malighafi kuwepo kinageuka mdai wa kudumu wa ruzuku. Mabaki yenu ya mbao yakishafikia wingi huo, mwekezaji atakuja mwenyewe.

Masoko ya mbali yana milango yake. Marekani ilipanua sheria ya Lacey, inayozuia biashara ya wanyama na mimea iliyopatikana kinyume cha sheria, mwaka 2008 ikajumuisha mbao zilizovunwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kila shehena ionyeshe kwa alama za ramani shamba ilikotoka, na kwamba halikutokana na msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele, lakini wanunuzi wakubwa tayari wanaomba taarifa hizo. Mfumo wa kufuatilia gogo kutoka kisikini hadi kiwandani utawafaa hata kabla ya kuuza Ulaya, maana ndio utakaowaonyesha kodi inavujia wapi. Ila nisingeanza na Ulaya. Majirani wanajenga, nauli ni ndogo, na hawadai karatasi nyingi kiasi hicho. Uzoefu wa kutimiza oda kwa tarehe iliyokubaliwa hupatikana huko kwanza.

Nirudi kwa wakubwa wako, kwani nadhani marufuku watataka tu. Waombe iwe na ratiba. Mwaka wa kwanza ushuru wa kusafirisha magogo upande kidogo, na fedha yake iingie kwenye mfuko wa matanuri na wanoaji, isipotelee hazina. Miaka miwili baadaye zifungwe aina za miti ambazo viwanda vya ndani vimethibitisha kwamba vinaweza kuzinunua zote kwa bei isiyo chini ya kiwango kilichotajwa. Magogo membamba yanayotokana na kupunguzia mashamba yaachwe huru mpaka yapate mnunuzi wa ndani, la sivyo hakuna atakayepunguzia. Na kwenye kifungu cha tafsiri cha sheria hiyo mweke vipimo: unene wa juu kabisa wa mbao inayoruhusiwa kutoka, na unyevu wake. Msipofanya hivyo, wasafirishaji watalichonga gogo pande nne kwa msumeno wa mnyororo, waliite mbao, na afisa wa forodha hatakuwa na kifungu cha kulizuia.